Anza na Mzani wa Ufuta

Mwezi Juni ghala la chama cha msingi huko Mbekenyera, wilayani Ruangwa, huwa na foleni. Gunia la ufuta linapandishwa mzanini, karani anasoma uzito kwa sauti, anaandika kitabuni, mkulima anapokea karatasi yake na kwenda kivulini kuongea habari za bei. Kijana aliyemaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei hufika hapo na gunia la mama yake, likishapimwa anaondoka zake. Kama kijana huyo anataka kusomea uhandisi wa programu, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba asiondoke. Amwamkie katibu, aombe kigoda, akae hapo siku tatu.

Najua ulitegemea nianze na laptopu. Tutafika.

Neno uhandisi wa programu lilipata umaarufu mwaka 1968, wataalamu walipokutana Garmisch, Ujerumani, kwenye mkutano ulioitishwa na NATO. Walikuwa na kero moja: programu kubwa zilikuwa zinachelewa, zinakula fedha kuliko bajeti, na zikikamilika zinakosea. Watu wa kuandika msimbo walikuwapo. Kilichopungua ni ufundi wa kuielewa kazi kabla ya kuiandika, kuigawa, kuikagua, na kuitunza miaka ikipita. Ufundi huo unaweza kuuanza mzanini bila umeme wala bando.

Ukikaa pale, tazama mambo yanavyokwenda kombo. Ataitwa Hamisi Saidi Hamisi, watainuka wawili. Hapo umejifunza kwamba jina halifai kuwa kitambulisho kwenye kanzidata. Inatakiwa namba ya uanachama. Mama mmoja ataleta mzigo kwa akaunti ya benki ya mumewe, mwingine atakuwa na simu isiyosajiliwa kwa jina lake. Programu inayodhani kila mtu ana akaunti moja, simu moja na jina moja itamkosesha mtu fedha yake. Tena mtandao utakatika saa nne asubuhi huku foleni ikiendelea, kwa hiyo programu yako lazima ijue kuhifadhi kwanza na kutuma baadaye, tena isitume mara mbili.

Mtazame zaidi karani anapokosea. Karani mzuri hafuti. Anapiga mstari mmoja juu ya tarakimu mbovu, anaandika iliyo sahihi pembeni, anaweka saini, na kosa linabaki likionekana. Wahandisi wa programu duniani kote wanafanya hivyohivyo kwa chombo kiitwacho Git, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005: kila badiliko linaandikwa, nani kabadili, lini, kwa sababu gani, na la zamani halipotei. Wanafunzi wengi hukutana na Git wakiwa mwaka wa pili chuoni na kuiona kama adhabu. Wewe utaiona kama kitabu cha karani.

Jioni, chukua simu. Pydroid 3 ukishaipakua inaendesha Python bila intaneti, na hiyo inatosha kwa miezi sita ya mwanzo. Mwandikie mkulima mmoja hesabu: kilo 47.3 kwa bei ya shilingi 3,150, toa makato, onyesha kinachobaki. Bila makato utapata 148,995. Kisha iulize Python 0.1 jumlisha 0.2 ni ngapi. Itakujibu 0.30000000000000004. Usicheke, wala usidhani simu mbovu. Kompyuta huhifadhi desimali kwa mfumo wa mbili, na sehemu ya kumi haiingii sawasawa humo. Ndiyo maana programu za fedha hushika shilingi kamili, na uzito wako ungeuhifadhi kwa gramu, 47,300. Kosa dogo la namna hii, likipita kwenye maelfu ya magunia, linageuka kuwa kikao cha dharura.

Hapa niseme wazi. Usiende kumuuzia katibu programu yako. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa kusimamia vyama, MUVU, na mnada wenyewe siku hizi unapita kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, chini ya chama kikuu RUNALI kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Kazi yako ni mazoezi. Na usinakili majina ya wanachama: tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tunga majina ya kwako.

Lugha nayo itakusumbua kuliko hesabu. Chuoni mhadhara ni Kiingereza, mtihani ni Kiingereza, na kompyuta ikikataa inakataa kwa Kiingereza. Dawa yake ni ndogo: kila ujumbe wa kosa unaoupata, uandike daftarini mzima, chini yake uandike kwa Kiswahili maana yake na ulivyoutatua. Baada ya kurasa thelathini utashangaa makosa yenyewe ni yaleyale kumi yanayojirudia.

Kama bado uko kidato cha nne, kaza hisabati, mengine yatafuata. PCM, PGM, EGM na PMCs ndizo kombi zilizozoeleka kwa kozi za kompyuta, na matokeo yakitoka bado una nafasi ya kubadili chaguo lako kwenye Selform, kwa hiyo usikubali kupangiwa maisha na chaguo ulilojaza kwa kufuata rafiki. Kiwango cha chini cha kuingia shahada kwa waliomaliza kidato cha sita ni alama 4.0 kutoka masomo mawili, A ikiwa 5 na E ikiwa 1. Hicho ni kiwango cha kuomba, nafasi inagombewa. Fungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, soma mstari wa kozi yako hadi mwisho: masomo yanayotakiwa, idadi ya nafasi, na miaka. Sayansi ya kompyuta mara nyingi ni miaka 3, kozi za uhandisi 4, na mwaka mmoja wa ziada ni kodi ya chumba na chakula.

Jina la kozi lisikupoteze usingizi. Chuo Kikuu cha Dodoma, kwenye kile chuo chake cha CIVE, kina shahada inayoitwa kabisa Uhandisi wa Programu. Dar es Salaam, pale CoICT Kijitonyama, utakuta sayansi ya kompyuta na uhandisi wa kompyuta. Linganisha orodha ya masomo. Ukiona miundo ya data, kanzidata, mifumo endeshi, mitandao na mradi wa mwaka wa mwisho, uko mahali pazuri.

Wapo watakaopitia stashahada, kutoka kidato cha nne moja kwa moja hadi ngazi ya 6 ya NTA, kisha shahada. Huku kwetu njia hiyo inatazamwa kama ya walioshindwa. Kwa maoni yangu tunakosea: anayetoka stashahada anaingia mwaka wa kwanza akiwa ameshafungua kompyuta kwa bisibisi na ameshaandika programu iliyomkatalia usiku kucha, wakati mwenzake wa PCM bado anatafuta kitufe cha kuwashia.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, una mtego mmoja unaowanasa watoto wa mbali. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA, na cha kifo kama mzazi amefariki. Ukingoja dirisha la maombi lifunguliwe ndipo uanze kutafuta cheti, utakuwa unapanda bodaboda kwenda Ruangwa wakati wenzako wanabonyeza kitufe cha kutuma. Shughulikia hilo ukiwa kidato cha sita. Kama kaya yenu ipo TASAF, tafuta namba ya kaya mapema. Na kumbuka fedha hiyo ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa.

Bumu la kwanza, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo huo, likiingia ndipo laptopu. Iliyotumika inatosha, ila usishuke chini ya RAM ya gigabaiti 8, na diski iwe SSD. Betri ijaribu hapohapo dukani kwa kuchomoa waya na kupiga soga na muuzaji nusu saa. Laptopu ikiwa nzito kufanya kazi, weka Linux. Ni bure, na seva nyingi utakazokutana nazo kazini zinaendeshwa nayo.

Chuoni utasikia sana habari za sapu, yaani mtihani wa marudio, na disko, yaani kuondolewa masomoni. Kozi za kompyuta hazimdiskoshi mtu kwa ugumu wa msimbo. Hesabu za mwaka wa kwanza ndizo zinazofanya kazi hiyo, kwa sababu mwanafunzi anaziona hazimhusu. Zinakuhusu. Hisabati ya seti na mantiki ndiyo itakayokueleza kwa nini kutafuta mwanachama mmoja kati ya elfu hamsini ni kufumba na kufumbua kwenye programu ya mwenzako na kunachelewa kwenye yako.

Kazi za kikundi ni balaa la aina yake. Watu watano, mmoja anafanya, wanne wanaandika majina na namba za usajili. Ukiwa yule mmoja, usinung'unike sana, elimu imebaki kwako. Lakini jaribu hili: gawaneni kazi kwenye Git siku ya kwanza, ili jina la kila mtu lionekane kando ya alichoandika. Aibu hufanya kazi kuliko mhadhiri.

Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, umezuka ugonjwa mwingine: programu inafanya kazi, mwenyewe hajui kwa nini. Tumia akili bandia, mimi naitumia. Lakini usikabidhi msimbo ambao huwezi kuueleza mstari kwa mstari kwa mtu aliyesimama nyuma yako. Kwenye usaili, msaili ndiye huyo mtu. Ukiulizwa mstari wa 14 unafanya nini, huruhusiwi kutoa simu.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, wengi huing'ang'ania Dar es Salaam, na ofisi za huko hujaa wanafunzi kumi wakigombea viti vitatu. Jaribu kurudi nyumbani: kitengo cha TEHAMA cha halmashauri, au hospitali ya wilaya. Huko utaona namba za malipo za serikali zinavyozaliwa na kulipwa kwenye mfumo wa GePG, na utaona muuguzi anavyohangaika na kitufe ambacho mtengenezaji alikiona kizuri. Ila uende na swali. Mimi wiki yangu ya kwanza ya fildi, kwenye ofisi nisiyoitaja, niliimalizia kutoa karatasi zilizonasa kwenye printa, kwa sababu nilipoulizwa nimekuja kujifunza nini nilijibu "kompyuta". Ningesema "naomba kuona mnavyohifadhi nakala za kanzidata", ningepewa kiti kingine.

Kuna darasa jingine la bure ambalo wanafunzi wachache hulitumia. DHIS2, mfumo unaokusanya takwimu za vituo vya afya Tanzania na katika nchi nyingine nyingi, unaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Msimbo wake uko wazi. Upakue, usome faili moja kwa wiki. Hutaelewa nusu. Ukifika mwezi wa tatu utakuta unaelewa kwa nini waliandika walivyoandika, na huo ndio msimbo wa watu wazima, tofauti na mifano ya mhadhara inayoishia mistari ishirini.

Kwenye ajira za serikali utaomba kupitia Ajira Portal, na usaili huwa na mchujo wa kuandika, wa vitendo na wa mahojiano kadiri ya nafasi. Benki na kampuni za simu zina taratibu zao. Popote pale, swali litarudi lilelile kwa sura tofauti: umetengeneza nini, nani alikitumia, na kilipoharibika ulifanyaje. Hapo wahitimu wengi hutaja mfumo wa maktaba, mradi ambao msaili ameshausikia mara sabini. Wewe utaeleza mzani, akina Hamisi wawili, mtandao uliokatika saa nne, na gramu 47,300. Weka msimbo wa programu hiyo ya mzani kwenye tovuti ya GitHub, mwanzoni kuwe na ukurasa unaoeleza kwa maneno mepesi programu inafanya nini na bado haiwezi nini. Hilo la pili lisiachwe; msaili mzoefu huanza kusoma hapo.

Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka Julai. Kama hukuitwa JKT, una wiki kadhaa zisizo na mwenyewe, na ghala liko wazi. Nenda na kaunta buku ya kwaya mbili na kalamu mbili, maana moja ataiazima karani na hutaiona tena.