Suala la Motokaa ya Umeme: Kuukuu ya Fahari au Mpya ya Bei Nafuu?

Tumeletewa suala na ndugu yetu mmoja katika wahudhuriaji wa darsa, naye ni mfanyabiashara wa mji huu. Ataka kuiacha motokaa yake ya petroli anunue ya umeme, na mbele yake ziko mbili: Tesla Model S iliyokwisha tumika Uingereza miaka kadhaa, na BYD Dolphin iliyo mpya. Kwa ile ya kwanza fedha zake hazitoshi, na benki imekubali kumkopesha kilichopungua kwa riba. Ya pili aweza kuilipia taslimu. Atuuliza kama kuna ubaya Muislamu kununua kilicho bora.

Twasema: katika kutaka kilicho bora hapana ubaya. Wako kwetu wadhanio kuwa ucha Mungu ni kuvaa kanzu iliyochakaa na kupanda baiskeli mbovu. Hayo wameyazua wenyewe. Lakini neno hilo "bora" lataka kupimwa kwanza.

Model S ilianza kutoka kiwandani Marekani mwaka 2012, na zenye usukani wa kulia zikafika Uingereza mwaka 2014. Ni gari la sifa, hilo hatulikanushi. Ndilo lililowafanya wengi waache kuicheka motokaa ya umeme. Ila mwaka 2023 kampuni ilitangaza kuwa haitatengeneza tena Model S ya usukani wa kulia. Basi kwa nchi kama yetu, isiyoruhusu usukani wa kushoto ila kwa magari ya kazi maalumu, zilizobaki ni kuukuu tu. Tena sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililotumika likapita miaka minane; na dhamana ya betri aliyoitoa mtengenezaji ni ya miaka minane vilevile. Anunuaye la miaka saba amenunua dhamana ya mwaka mmoja, nayo ni lau itakubaliwa huku ng'ambo.

Na betri ndiyo mali khasa. Katika Model S uzito wake wazidi kilo 500, imelazwa chini ya sakafu, na zile za yuniti 85 zina vijibetri zaidi ya 7,000 ndani yake. Huzeeka kwa miaka, kwa joto, na kwa kujazwa pomoni ikaachwa hivyo. Rangi yaweza kung'aa na ngozi ya viti ikanukia, na huku betri imekwisha pungukiwa na uwezo, jicho halioni.

Hapa twakumbuka khabari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta umaji. Mwenye mali akasema ni mvua iliyoinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini asiiweke juu watu wakaiona, akawakana wenye kughushi. Sasa betri ndiyo chini ya rundo. Muuzaji yampasa aonyeshe kipimo chake, na mnunuzi naye atie mkono: atafute fundi mwenye chombo cha kupimia, kisha ailijaze gari, aende nalo Malindi na kurudi, kiasi cha kilomita 240, atazame umeme uliotumika. Aibu iliyofichwa ikidhihiri, fiqhi yampa mnunuzi haki ya kuirudisha bidhaa. Lakini muuzaji aliyeko Uingereza atarudishiwaje motokaa iliyokwisha shushwa Kilindini?

Ama Dolphin, ilitolewa China mwaka 2021. Betri yake ni ya chuma na fosfati. Kwa uzito uleule hubeba umeme kidogo kuliko ya mwenziwe, lakini haishiki moto kwa wepesi na yastahimili kujazwa. Haina kobalti. Hili tunalitaja kwa makusudi, kwani zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yatoka Kongo, pande za Kolwezi, kwa watu wasemao Kiswahili kama sisi, na mwaka 2016 Amnesty International ilieleza jinsi watoto wanavyofanya kazi katika machimbo hayo. Hatumhukumu aliyekwisha nunua. Anayechagua leo na achague akijua. Tena Dolphin ni fupi, mita 4.29, na Model S yakaribia mita tano; apitaye Ndia Kuu kwa gari ataelewa. Mbio zake ni kidogo na mapambo yake si ya kifalme. Hayo ni kweli.

Lau Model S isingekuwa na ila hata moja, ingebaki ile riba, na riba haihalaliki kwa uzuri wa kitu kinachonunuliwa. Tangu mwaka 2008 nchi hii ina mabenki yaendeshwayo kwa sharia, yauzayo kwa murabaha. Lakini nako mtu asome karatasi: benki iimiliki motokaa kwanza, kisha imuuzie kwa bei ijulikanayo isiyoongezeka akichelewa kulipa. Na deni, hata la halali, ni jambo ambalo Mtume akimuomba Mola wake amkinge nalo.

Mwisho wa barua yake ndugu yetu ametaja, kama jambo la kupita, kuwa arusi ya binti yake ni Mfungo Sita na wakwe watakuja kutoka Lamu. Tulipoisoma mara ya pili tuliona kuwa hilo ndilo suala lenyewe. Twamwambia kwa mapenzi: wakwe watakaa ndani ya gari nusu saa, na deni atakuwa nalo binti akiwa tayari na watoto. Anunue Dolphin.

Kabla ya kulipa amwite fundi akague nyaya za nyumba, kwani za nyumba nyingi za zamani hazikuwekwa kwa mzigo wa namna hii. Na fedha zitakazombakia, zikitimia nisabu na mwaka ukapita, zina zaka. Motokaa yenyewe ya kupanda haina.