Mwanangu anataka kurusha ndege za upelelezi

Shangazi,

Ninaishi Sacramento, California. Mwanangu wa kwanza, aliyezaliwa huku, amemaliza shahada ya uhandisi. Sasa anataka kuingia Jeshi la Anga la Marekani ili siku moja arushe U-2, ile ndege ya upelelezi yenye kituo chake Beale, si mbali na kwetu. Baba yake hataki hata kusikia. Yeye alimtakia udaktari. Mimi usingizi umepaa. Nasikia marubani hao wakitunguliwa, serikali huwakana. Nimzuie, au nimpe baraka?

Mama Mwenye Hofu

Mwanangu,

Hofu yako ina msingi. Tarehe 1 Mei 1960 rubani wa U-2, Francis Gary Powers, alitunguliwa karibu na Sverdlovsk, ndani kabisa ya Umoja wa Kisovieti. Marekani ikatangaza kwamba ni ndege ya hali ya hewa iliyopotea njia, mpaka kiongozi wa Kisovieti, Khrushchev, alipoujulisha ulimwengu kuwa rubani yu hai na yuko mikononi mwao. Baba yake Powers, Oliver, aliyewahi kuchimba makaa ya mawe kabla ya kuwa fundi viatu kule Virginia, naye alitaka mwanawe awe daktari, sawasawa na mumeo. Ila mambo yalipoharibika hakukaa na kinyongo. Alimwandikia barua jasusi wa Kisovieti aliyefungwa Marekani, Rudolf Abel, akipendekeza wafungwa hao wawili wabadilishwe, kisha akaenda Moscow kuhudhuria kesi ya mwanawe. Februari 1962 walibadilishwa kweli, kwenye daraja la Glienicke, Berlin. Nyumbani wapo waliomlaumu Powers kwa kutojiua kwa sindano ya sumu aliyokuwa nayo. Jeshi lilimpa nishani ya Silver Star mwaka 2012, akiwa kaburini tangu 1977. Huo ni uonevu, na sioni sababu ya kuupamba.

Lakini usidhani kila safari ni ya namna ile. Hatari ya kila siku ni urefu wenyewe. Rubani wa U-2 huruka peke yake, juu ya futi 70,000, karibu mara mbili ya ndege za abiria. Huko juu, bila vazi la shinikizo, majimaji ya mwilini huchemka kwa joto la mwili. Kabla ya kuondoka huvuta oksijeni tupu kwa muda wa kama saa moja ili naitrojeni imtoke kwenye damu. Isipotoka hugeuka mapovu yanayotesa viungo, na hata ubongo. Chakula chake ni rojo la kwenye tyubu, analifyonza kupitia tundu la kofia.

Akirudi akiwa hoi, ndipo hungojwa na kazi ngumu kuliko zote. Ndege ina mabawa ya zaidi ya mita 30, lakini magurudumu yake yako mbele na nyuma tu, kama baiskeli, na kofia ile humzuia kuona chini vizuri. Basi rubani mwenzake huifukuza kwa gari kwenye njia ya kurukia, akimsomea kwa redio futi zilizobaki: tano, tatu, mbili. Ndege ikisimama, bawa moja hulalia lami, na mafundi huja kulinyanyua. Katika kazi hii yote, hilo la gari ndilo linalonipa moyo: anayemwongoza mwanao kutua ni mtu anayeijua ndege ile kwa mikono yake.

Kitakachokutesa wewe ni ukimya. Hutaambiwa aliruka wapi wala alipiga picha gani. Familia ya Powers iliambiwa anachunguza hali ya hewa. Kwa hiyo msimhoji; kubalianeni mapema nani atapigiwa simu na jeshi likitokea la kutokea, na nani atawaarifu ndugu wengine.

Sasa la kumuuliza kijana. Hakuna anayeanzia kwenye U-2. Atahitaji kwanza kuwa ofisa, apite chuo cha marubani, kisha alitumikie jeshi miaka 10 baada ya kufuzu. Atarusha ndege nyingine kwanza, ndipo aombe nafasi. Na jeshi limekuwa likipanga kuistaafisha U-2, kwa kuwa setilaiti na ndege zisizo na rubani zimechukua sehemu kubwa ya upelelezi. Muulize, mbele ya baba yake: ukipangiwa ndege ya mizigo miaka yote hiyo, utaridhika? Akijibu ndiyo bila kuzungushazungusha, mpeni baraka zenu, na mumeo azitoe kwa kinywa chake mwenyewe. Akisita, mwambieni asubiri mwaka mmoja kabla ya kutia saini.

Shangazi