Dondoo muhimu: Projekta au televisheni nyumbani?

Kwa familia ya Butembo au Beni, jibu la swali hili linaanzia kwenye umeme.

- Piga hesabu ya wati. Televisheni ya LED ya inchi 32 hula wati 30 hadi 60. Projekta ya taa ya kawaida hula 200 hadi 300. Betri ya sola ya volti 12, Ah 100, ikitumiwa nusu, huendesha televisheni na dekoda saa saba hivi. Projekta itaimaliza kwa saa mbili hivi.
- Angalia mwanga. Projekta hutaka giza. Hapa karibu na Ikweta giza huingia baada ya saa 12 jioni, kwa hiyo mechi ya mchana haitaonekana vizuri bila mapazia mazito.
- Chunga taa na vumbi. Umeme ukikatika ghafla, feni husimama taa ikiwa bado moto, nayo huharibika upesi. Vumbi jekundu la kiangazi huziba vichujio, basi visafishe mara kwa mara.
- Usidanganywe na lumeni (kipimo cha mwanga) zilizoandikwa kwenye boksi. Uliza lumeni za ANSI, yaani zilizopimwa kwa kiwango rasmi, kisha ijaribu projekta papo hapo dukani.
- Kumbuka sauti. Projekta nyingi zina spika dhaifu. Ongeza bei ya spika kwenye bajeti.

Uamuzi: kwa sebule, nunua televisheni. Projekta iachiwe parokia, shule au mwenye ukumbi wa mechi, aliye na jenereta na watazamaji wengi.