Dondoo muhimu: Homa inayofilisi banda la nguruwe

Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921, haimwambukizi binadamu, ila inamuumiza mfukoni. Haina tiba, na inaweza kumaliza banda zima ndani ya wiki chache. Pumba na mashudu ya miezi 6 ndiyo yamekwenda hivyo.

Mlango wake mkubwa ni makombo ya hotelini, hasa yenye mabaki ya kitimoto. Yachemshe nusu saa kamili huku ukikoroga, au achana nayo. Dume la kuazima nalo ni la kuogopwa. Nguruwe mgeni atengwe angalau siku 30. Na mchuuzi anayezunguka kukagua wanyama abaki nje ya uzio, maana buti zake zimetoka kwa jirani.

Ukiona homa kali, nguruwe hawali, masikio na tumbo vinageuka vyekundu au zambarau, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usikimbilie kuchinja na kuuza: ndivyo ugonjwa unavyosambaa hadi karantini itangazwe, na bei kumporomokea hata ambaye nguruwe wake ni wazima.

Minyoo na upele haviui haraka kama homa hii, ila nguruwe atakula bila kunenepa. Hasara hiyo wengi hawaiandiki daftarini.