Uongo, Kosa na Kusingizia

Soma kwa ajili ya somo hili: Kut. 20:16, Law. 5:4, 5, 6:1–7, Kum. 19:15–19; 1 Sam. 1:12–17, 2 Sam. 16:1–4, 19:24–30, Mt. 18:15–17.

Katika mazungumzo ya kila siku neno uongo limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Mtu akielekezwa kwamba basi huondoka saa mbili, kumbe huondoka saa moja na nusu, aliyeachwa stendi husema, “Amenidanganya.” Mwanafunzi akikuta sentensi isiyo sahihi katika karatasi ya mtihani huandika “uongo” na kupewa alama yake. Mhazini wa kanisa akisoma taarifa ya robo, na jumla isipolingana na risiti, minong’ono huanza hata kabla ya ombi la kufunga: “Yule ni mwongo.” Mambo haya matatu hayafanani. Sentensi ya mtihani haina nia yoyote. Aliyeelekeza basi huenda alitumia ratiba ya mwaka jana. Na mhazini? Hakuna anayejua mpaka vitabu vifunguliwe.

Soma Kutoka 20:16 na Kumbukumbu la Torati 5:20. Amri ya tisa inakataza nini hasa?

Katika Biblia ya Kiswahili mafungu haya mawili yanafanana sana, lakini katika Kiebrania yanatofautiana kwa neno moja. Kutoka inatumia sheqer, neno linalopatikana zaidi ya mara 100 katika Agano la Kale. Maana yake si habari isiyo sahihi tu. Ni kitu ambacho mtu anakiegemea kisha kinamwangusha. Ndiyo maana Zaburi 33:17 inaweza kulitumia neno hilohilo kwa farasi wa vita: anaonekana ana nguvu, lakini anayemtumaini kwa wokovu wake ataanguka. Kumbukumbu la Torati inatumia shav, yaani kitu kitupu, ubatili. Hilo ndilo neno la amri ya tatu, inayokataza kulitaja bure jina la Bwana. Ulinganifu huo unastahili kutafakariwa. Ambaye hangethubutu kulichezea jina la Mungu anaweza kulichezea jina la jirani yake njiani kutoka ibadani, asione ubaya.

Kiswahili nacho kina utajiri wake. Kuna kutia chumvi, kuna kuzua, kuna kudanganya, na kuna kusingizia. Hili la mwisho ndilo lililo karibu zaidi na amri ya tisa, kwa sababu amri yenyewe inamtaja jirani na ushahidi juu yake. Maandiko hayaruhusu uongo wa aina yoyote (Yoh. 8:44, Efe. 4:25), na anayejibu simu “nipo njiani” akiwa bado kitandani asijifariji. Lakini picha ya kwanza ya amri hii ni baraza la wazee, na mbele yao mtu ambaye shamba lake, ndoa yake au uhai wake unategemea maneno ya mwingine.

Soma 1 Samweli 1:12–17. Je, Eli alisema uongo?

Kuhani aliona midomo ya Hana ikicheza bila sauti akahitimisha kwamba amelewa. Alichosema hakikuwa kweli, tena kilimwumiza mwanamke aliyekuwa tayari na huzuni. Hata hivyo Eli hakukusudia kumdanganya mtu. Alikosea. Alama yake ni jinsi alivyopokea maelezo: hakutetea maneno yake ya kwanza, bali alimwacha Hana aende kwa amani na baraka.

Torati inatofautisha hali hizi. Aliyeapa ovyo bila kutambua, akija kujua, alipaswa kuungama (Law. 5:4, 5). Lakini aliyemkana jirani yake kuhusu amana aliyowekewa alirudisha mali yote, akaongeza sehemu ya tano, na kumpa mwenyewe, pamoja na kuleta sadaka ya hatia (Law. 6:1–7). “Samahani” pekee haikutosha. Na katika Kumbukumbu la Torati 19:18, 19 waamuzi walitakiwa kuchunguza kwa bidii kwanza. Shahidi wa uongo alitendewa kile alichokusudia kumtenda ndugu yake. Kipimo kilikuwa kusudi, na kusudi halionekani kwa kutazamwa usoni.

Soma 2 Samweli 16:1–4 na 19:24–30. Daudi alikosea wapi?

Daudi anamkimbia Absalomu, amechoka. Siba anamfikia na punda wawili, mikate 200, vishada vya zabibu, matunda na kiriba cha divai. Kisha anasema kwamba bwana wake, Mefiboshethi, amebaki Yerusalemu akiungojea ufalme. Papo hapo mfalme anampa Siba mali yote. Hakuuliza swali lingine, wala hakukumbuka kwamba anayeshtakiwa ni kiwete wa miguu yote miwili. Zawadi ilikuja mezani kabla ya ushahidi, na ushahidi ukaonekana mtamu.

Mfalme aliporudi, Mefiboshethi alikuja kumlaki. Tangu siku ya kuondoka kwa Daudi hakuwa ametunza miguu yake, wala kukata ndevu, wala kufua nguo. Hayo ni maneno ya mwandishi wa kitabu, si ya Mefiboshethi kujitetea. Daudi aliamua shamba ligawanywe nusu kwa nusu. Wapo wanaoiona hukumu hiyo kuwa ya busara. Ni vigumu kuiona hivyo. Aliyesingiziwa alipata nusu ya kilichokuwa chake, na aliyesingizia akaondoka na nusu nyingine.

Turudi kwa mhazini. Anayesema “hesabu hailingani” amesema jambo linaloweza kupimwa kwa risiti. Anayesema “ni mwongo” ametoa ushahidi juu ya moyo wa jirani yake. Ikiwa kosa lilikuwa la kujumlisha, basi aliyevunja amri ya tisa katika kanisa hilo si mhazini. Mathayo 18:15 inaanza na watu wawili peke yao, si na kundi la simu la kanisa, ambamo neno moja linasomwa na washiriki wote kabla mhusika hajatoka shambani.

Maswali ya kujadili:

Baraza la kanisa likigundua kwamba mshiriki alisingiziwa mbele ya watu wote, je, inatosha kumwomba radhi faraghani? Walawi 6:5 inasaidiaje hapa?

Mefiboshethi alisema Siba na atwae yote (2 Sam. 19:30). Je, Daudi alipaswa kukubali jambo liishie hapo?