Dondoo muhimu: Dawa ya kusukutua kinywa

Mswaki kwanza. Dawa ya kusukutua unayoinunua duka la dawa pale Same mjini haibandui utando uliogandia kwenye meno. Hiyo ni kazi ya mswaki, asubuhi na usiku kabla ya kulala. Ukimaliza, tema povu bila kusuuza kwa maji, ili floraidi ya dawa ya meno ibaki mdomoni. Kusukutua kuweke saa nyingine, tuseme baada ya chakula cha mchana.

Pima kwa kifuniko chake kama lebo inavyoelekeza, zungusha mdomoni kama nusu dakika mpaka ifike kwenye magego, kisha tema yote. Usile wala kunywa kwa nusu saa.

Mtoto wa chini ya miaka 6 asipewe kabisa, maana ataimeza. Huku kaskazini mwa Tanzania lipo jambo la ziada: maji ya baadhi ya visima yana floraidi nyingi, ile inayoacha madoa ya kahawia kwenye meno. Mtoto anayeyanywa hana haja ya kuongezewa nyingine.

Uko juu milimani, Mamba Myamba, na duka liko mbali? Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu hutuliza fizi vizuri. Tangawizi inayolimwa huko hupunguza harufu ya mdomo tu.

Fizi zikitoa damu zaidi ya wiki mbili, usiendelee kusukutua ukisubiri. Muone daktari wa meno.