Niliyojifunza Tangu Mdogo Wangu Alipoanguka na Bomba Mgongoni

Nalima nyanya Ilula, mkoani Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Mwaka 2016 mdogo wangu alirudi kutoka shambani saa nane mchana, hata bomba la sita la dawa hajalimaliza. Jasho lilimtiririka kama mtu aliyenyeshewa, udenda unamtoka, na nilipomwinua kidevu niliona mboni za macho zimesinyaa, ndogo kama kichwa cha pini. "Dada, sioni vizuri," alisema, kisha magoti yakakunjika.

1. Mgonjwa aende na chupa yake

Tulipomfikisha kwa matibabu, swali la kwanza la muuguzi lilikuwa: "Mama, amepiga dawa gani? Chupa iko wapi?" Sikuwa nayo. Nilichoweza kusema ni "ile ya wadudu". Kijana wa bodaboda ikabidi arudi shambani kuitafuta. Tena nilikuwa nimeshapoteza muda nyumbani nikimnywesha maziwa, kwa sababu tumekua tukiambiwa maziwa hukata sumu. Hayakati. Kilichomrudisha mdogo wangu ni sindano za atropini.

2. Sumu haikupitia mdomoni

Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Hakunywa kitu, hakula shambani. Bomba lilikuwa linavuja mfuniko, na tangu asubuhi shati lilimloa mgongoni, likakauka, likaloa tena. Ngozi yenye jasho, juani, hunywa sumu. Na nozeli ikiziba tulikuwa tunaizibua kwa kuipuliza na mdomo, wote, kila siku.

Mganga alinieleza kwa subira. Dawa ile ilikuwa ya kundi la oganofosfeti. Mwilini kuna kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva ukishafika; dawa hizi hukifunga. Ujumbe ukikosa wa kuuzima, mate na jasho vinamwagika, misuli inacheza yenyewe, na mwisho pumzi inagoma. Ndivyo zinavyomuua mdudu, na mwili wa mtu nao una kimeng'enya hicho hicho. Kikishafungwa huchukua wiki, hata miezi, kurudi kiwango chake. Sisi tulikuwa tunapiga kila baada ya siku 3 au 4! Nikakumbuka vichwa vilivyokuwa vikituuma msimu mzima, tukisingizia jua.

Lililoniumiza zaidi nililigundua nyumbani. Nguo zake za shambani nilizifua mimi, mikono mitupu, kwenye beseni lile lile nililofulia nepi za mwanangu. Chupa tupu ya dawa tulikuwa tumeiwekea mafuta ya taa, imesimama jikoni. Tangu hapo, kwangu neno "dawa" ni la vidonge. Cha shambani tunakiita sumu, na watoto wanajua tofauti.

3. Kuongeza dozi hakukumshinda kanitangaze

Mdudu huyu wa nyanya, asili yake Amerika ya Kusini, aliingia Tanzania mwaka 2014, na jina tulilompa linajieleza. Kiwavi wake huchimba ndani ya jani na ndani ya tunda, kwa hiyo sumu inayobaki juu haimfikii. Tulichanganya sumu mbili, tatu kwenye bomba moja. Waliokufa kwanza ni wadudu wanaomla yeye, na waliosalia wa kwake walikuwa wale sugu. Bili ya duka la pembejeo ilipanda, nyanya zikaoza.

4. Msimu wa kwanza wa kilimohai unauma

Basi niliacha sumu za dukani, nikaingia kilimohai. Sitamdanganya mtu. Nusu ekari iliyokuwa ikinipa matenga 90 ilinipa 41. Udongo ulikuwa umechoka, na mboji yangu ya kwanza haikuiva; niliifukia ikiwa bado ya moto, ikaunguza miche.

Msimu wa tatu ndipo nilipoanza kupumua. Samadi iliyooza vizuri. Nyanya zikifuatwa na maharage au mahindi, kamwe si viazi mviringo wala bilinganya, maana ni ukoo mmoja na magonjwa yao ni yale yale. Beseni la maji ya sabuni lenye kivutio cha harufu ya jike juu yake: asubuhi unakuta nondo dume wa kanitangaze wameelea. Kila tunda lililotobolewa linachumwa, linafungwa kwenye mfuko, linaachwa juani. Ni kazi ya mikono na ya kila siku. Masika, ukungu unapokuja, bado napoteza. Kwa hiyo nyanya nyingi nimezihamishia kiangazi, kwa kumwagilia.

5. Cha asili nacho huua

Jirani alinifundisha kutwanga majani ya utupa ya kupigia wadudu. Yanafanya kazi. Lakini ndiyo mmea ule ule ambao wazee walivulia samaki kwa kuulewesha mto. Nikiutumia navaa glavu, na beseni silioshei kijitoni.

6. Soko halijajua

Zamani dalali akipiga simu jioni kwamba gari linapakia kesho, tulichuma, hata kama lebo ilitaka tusubiri siku 7 baada ya kupiga na sisi tulipiga juzi. Nyanya zilipanda gari na unga wa mankozebu, sumu ya ukungu, juu yake. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kuiondoa mankozebu kwa sababu ya madhara yake kwa uzazi na homoni. Madukani kwetu ipo.

Mwaka jana dalali mmoja aligeuza nyanya zangu mkononi, akaziona safi, akauliza: "Mama, hizi hukupiga kitu?" Nikajibu sikupiga. Akapunguza bei, akisema hazitafika Dar es Salaam bila kuoza. Niliumia, lakini sikumuuzia.

Alama ya Kilimohai ya Afrika Mashariki ipo tangu 2007, na wakulima wa kikundi wanaweza kukaguana wenyewe ili kuipata. Tuko saba. Mdogo wangu ndiye anayeandika daftari la ukaguzi, na Jumamosi hii zamu ni ya shamba langu.